Siku Bi Uliza Alipojibu "Ndiyo"

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wadi ya upasuaji ya wanawake inanuka dawa ya kupigia deki. Mlango unasukumwa kwa bega. Anaingia mwanamke mfupi, mnene kiasi, anatembelea magongo mawili ya kwapani, na amevaa koti jeupe la daktari linalomfika chini ya magoti.

Si daktari. Koti amelishona mwenyewe, na ukilitazama kwa karibu utaona vifungo vyake ni masalio ya gauni la harusi la mteja.

Anajikongoja hadi kitanda cha nne. Hapo amelala bibi mwembamba ambaye kesho atatolewa mawe ya nyongo.

"Habari ya asubuhi, bibi," anasema kwa sauti nzito ya kuigiza. "Wewe ndiye tunayekupasua jicho leo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Jicho gani?"

Bibi anafikiri kidogo. "Lolote mtakaloona linafaa."

Wadi nzima inaangua kicheko. Aliye na nyuzi mpya tumboni anashika mto kwa mikono miwili, anaomba jamani wasimchekeshe, nyuzi zitafumuka.

"Bibi! Kwani wewe unaumwa jicho?"

"Siumwi. Tumbo ndilo linalonisumbua."

"Sasa mbona unanikubalia?"

"Nimeona koti, mwanangu. Nikasema huyu amesoma."

"Koti nimeshona mimi! Na shule nimeishia darasa la sita."

Bibi naye anacheka sasa, mkono mdomoni. Lakini haachiwi hivihivi. Anaambiwa arudie mara tatu: "Sivyo, daktari. Mimi naumwa tumbo." Mara ya kwanza anaiambia blanketi. Mara ya pili anamwambia mwenye koti, ila macho yako dirishani. Mara ya tatu sauti inafika mpaka kitanda cha mwisho, na wenzake wanampigia makofi.

Hapa wanauita mchezo wa koti. Umechezwa mara tatu kwa wiki kwa muda wa miaka kumi na minane, katika wadi yenye vitanda thelathini na viwili, ambayo asubuhi hii ina wagonjwa arobaini na mmoja na manesi wawili. Mwenye mchezo ana miaka hamsini na saba, na kazi yake ni ufundi cherehani. Riziki yake ni sare za shule. Hospitali humpa nauli na kikombe cha chai, "na chai yenyewe siku hizi sukari unajitafutia." Jina lake la kuzaliwa halijui hata mlinzi wa getini. Wote wanamwita Bi Uliza.

Kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe, ni kumfundisha mgonjwa kufungua mdomo kabla hajafunguliwa tumbo.

Ila leo hana raha. Akimaliza kitanda cha nne anaketi, anafungua vifungo vya koti. Saa nne, ghorofa ya pili, kamati ya hospitali itakaa kuamua kama nesi mmoja afukuzwe kazi. Nesi huyo anasema alifanya kama inavyotakiwa, na hakuna anayemwamini. Yupo mtu mmoja tu awezaye kuthibitisha kwamba anasema kweli. Mtu huyo ni Bi Uliza, na kwa wiki tatu amenyamaza.

Ili kuelewa kwa nini mwanamke aliyetumia miaka kumi na minane kuwaambia wengine "semeni" alinyamaza yeye, ni lazima turudi nyuma kidogo.

Yote haya yalianza na dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki na kumfundisha kushika sindano. Miaka kumi na tisa iliyopita, dada huyo alilazwa katika hospitali nyingine. Mimba ilikuwa imeharibika, na damu nyingi imemtoka. Ikaamuliwa aongezewe damu. Damu ikachelewa siku mbili.

Siku ya tatu nesi alikuja na mfuko wa damu. Akataja jina. Halikuwa la dada. Lilikuwa la mwenzake wa kitanda cha jirani, ambaye dakika ile alikuwa amekwenda chooni.

"Dada akaitikia ndiyo," anasimulia Bi Uliza. "Mimi nilikuwa nimetoka kumnunulia sabuni. Narudi namkuta anatetemeka, kitanda kizima kinalia. Anasema mgongo, mgongo. Anasema baridi. Na nje lilikuwa jua la saa nane."

Damu isiyo ya kundi lake ilimharibu figo. Aliishi siku kumi na moja. Kichwa chake kilikuwa kizima siku nyingi kati ya hizo, na mdogo wake akapata nafasi ya kumuuliza: dada, hukulisikia lile jina?

"Akaniambia, 'Nililisikia. Nilijua si langu. Lakini nesi alikuwa amechoka, na damu yenyewe tumeisubiri siku mbili. Nikaona nikikataa watasema najifanya.'"

Bi Uliza anatazama viganja vyake.

"Unayasikia maneno hayo? Dada yangu amekufa kwa adabu. Mtu mzima, ana akili zake timamu, amekufa ili nesi asichukie."

Hakumshtaki mtu. Hakuwa na wakili wala hakujua pa kuanzia, na anakiri kwamba mwaka mzima alikuwa na hasira tu, akivunja sindano za cherehani ovyo. Kisha akapata kazi ya kushona mashuka yaliyochanika katika hospitali hii. Walimpa kona mwishoni mwa wadi. Huku anashona, masikio yakawa kazini.

Alichokisikia kilimshangaza. Manesi na madaktari waliuliza, tena waliuliza sana. Lakini swali lilikuja na jibu lake mgongoni. Wewe ndiye fulani? Umeshakula dawa, eh? Huna mzio, siyo? Na wagonjwa wakajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama watu waliomo kwenye sala.

Akaanza kuwanong'oneza. Ukiitwa jina lisilo lako, kataa. Ukipewa kidonge cha rangi usiyoizoea, uliza. Kuuliza si ujinga. Alifukuzwa wadini mara mbili. Mara ya tatu alipelekwa kwa metroni wa wakati ule, mama mkali asiyependa mchezo, naye Bi Uliza akamwambia maneno ambayo metroni huyo, ambaye sasa amestaafu, anayakumbuka hadi leo.

"Alinitazama hivi," anasema metroni huyo, "akaniambia, 'Mama, mimi fundi nikimpa mteja gauni la mwenzake, kesho atarudi kunitukana. Ninyi mkimpa mgonjwa damu ya mwenzake, nani atarudi?' Nikamwambia nenda kawafundishe, lakini usinicheleweshee raundi za madaktari."

Tangu hapo yupo. Mwaka jana pekee, kitabu cha taarifa cha hospitali kiliandika visa kumi na kimoja ambapo kosa lilizuiwa kwa sababu mgonjwa mwenyewe alifungua mdomo. Mmoja alikataa sindano ya mtu mwingine. Mmoja aligoma kutolewa jino, kwani alikuja kutibiwa sikio.

Hata hivyo, tuseme ukweli, si kila mtu alimpenda. Manesi wawili kwa wagonjwa arobaini si mchezo, na mgonjwa anayeuliza anakula muda. Aliyelisema hilo waziwazi kuliko wote ni nesi mmoja kijana, mwepesi wa miguu na wa ulimi, ambaye wadi ilimbatiza Sista Haraka.

"Kila mgonjwa akiniuliza maswali matatu, jioni inanikuta kitanda cha kumi," ndivyo alivyokuwa akilalamika. Yeye ndiye aliyebuni jina la Bi Uliza, na hakulibuni kwa mapenzi. Magongo hayakuwapo bado, lakini mlango ukifunguka tu alikuwa akisema kwa sauti, "Haya, Bi Uliza huyo ameingia, leo kazi hatumalizi." Wagonjwa wakalichukua jina, mwenyewe akalikubali, kejeli ikageuka cheo. Lakini wawili hao hawakuwahi kupikika chungu kimoja.

Sasa tuje kwenye goti.

Miaka thelathini na mitano ya kukanyaga pedali ya cherehani ilikuwa imelichakaza goti la kulia la Bi Uliza. Usiku haulaliki, ngazi hazipandiki. Daktari akasema lipasuliwe. Wiki tatu zilizopita, asubuhi, alilazwa kwenye machela nje ya chumba cha upasuaji. Karani aliyenakili orodha ya siku hiyo alikuwa amekosea. Palipostahili neno kulia, aliandika kushoto.

Akatoka Sista Haraka, orodha mkononi, kalamu ya buluu sikioni.

"Goti la kushoto, siyo mama?"

"Ndiyo, sista."

"Kushoto?"

"Ndiyo."

Nesi akamchora mshale pajani, akaondoka mbio, maana nyuma yake walikuwa wakingoja watatu.

"Nilimwangalia akichora," anasema Bi Uliza. "Wino ulikuwa wa baridi. Moyoni nikasema, mbona hili si lenyewe? Moyo ukasema, mdomo ukagoma. Nikajifariji, labda wameona kitu kwenye picha. Labda wanaanzia huku. Yaani nikawatafutia sababu mimi mwenyewe!"

Daktari alikuwa ameshakata ngozi, mkato wa urefu wa kidole, pale msaidizi wake alipoipachika picha ya mifupa kwenye taa na kupiga kelele kwamba simama. Wakasimama. Wakashona. Bi Uliza alipozinduka, goti bovu lilikuwa bovu vilevile, na lile zima lilikuwa na nyuzi saba.

Siku hiyohiyo Sista Haraka akasimamishwa kazi. Alijitetea kwamba alimuuliza mgonjwa, tena mara mbili, na mgonjwa akakubali. Hapo ndipo alipojimaliza.

"Bi Uliza?" walimwambia. "Bi Uliza huyuhuyu akubali goti lisilo lake? Sista, tafuta uongo mwingine."

Angekuwa mgonjwa yeyote mwingine katika hospitali nzima, wangemwamini nesi. Sifa ya Bi Uliza ndiyo iliyomkaanga binti wa watu.

Naye Bi Uliza hakuulizwa kitu. Walimjia na pole tu. Pole mama, wamekuonea. Pole mama, mwache afukuzwe, alikuwa akikudharau siku zote. Akazipokea pole hizo akiwa kimya.

"Nisiseme uongo, siku ya kwanza nilifurahi," anasema, na uso unamshuka. "Nikasema ameyataka. Siku ya pili nikasikia ana mama yake mgonjwa anayemtegemea. Tangu hapo kila pole niliyopewa ilikuwa mwiba."

Mwandishi anamuuliza lile swali ambalo msomaji naye bila shaka analo. Kwa nini alijibu ndiyo? Yeye, kati ya watu wote?

Anavua miwani, anaifuta.

"Hujui mtu anavyokuwa mdogo akilala na wenzake wamesimama," anasema. "Nimevuliwa nguo zangu, nimevishwa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Miwani wamechukua. Kitambaa cha kichwa wamechukua. Meno yangu mawili ya bandia nimeyaweka kwenye kikombe. Natazama dari. Halafu anatokea mtu juu yangu, ana haraka, anajua. Mimi sijui. Nilikuwa nawafundisha watu nimesimama, bwana. Sikuwahi kufundisha nimelala."

Mtu wa kwanza kuambiwa siri hiyo alikuwa mume wake, dereva mstaafu wa malori, mzee mcheshi ambaye hupenda kusema kwamba ameendesha kila kitu isipokuwa mke wake. Safari hii hakufanya utani.

"Funika kombe mwanaharamu apite," alimwambia. "Miaka kumi na minane, mama watoto. Ukilisema hilo mbele ya kamati, umemwaga mtama penye kuku wengi. Kesho ukiingia wadini na koti lako watakucheka."

"Na yule binti?"

"Atapata kazi kwingine."

"Nesi aliyefukuzwa kwa goti lisilo lenyewe? Wewe ungempa kazi?"

Mzee akafikiri, akakuna kidevu.

"Nisingempa," akakubali. "Haya. Mimi nimeoa, nitafanyaje? Nitakusindikiza."

Ndiyo maana saa nne kasoro robo asubuhi ya leo mzee huyo ameketi kwenye benchi la korido ya ghorofa ya pili, amevaa suruali iliyopigwa pasi, amelishika koti jeupe la mke wake mapajani. Mke ameingia bila koti. Amesema humo ndani hahitaji kuigiza.

Mwandishi hakuruhusiwa kuingia. Yaliyosemwa yamesimuliwa na watu watatu waliokuwamo, na hawapishani.

Kamati ni ya watu watano. Mwenyekiti ni daktari bingwa, mtu mzima, mpole, asiyependa makelele. Sista Haraka alikaa pembeni, mikono mapajani, hana sare. Alikwisha kusema maneno yake na yalikwisha kuandikwa. Mwenyekiti akamgeukia Bi Uliza, akampa pole, akamwambia hawatamchosha, wanataka tu athibitishe kwamba hakuulizwa.

"Niliulizwa," alisema Bi Uliza.

Karani wa kikao akaacha kuandika.

"Niliulizwa mara mbili. Aliniambia goti la kushoto, nikasema ndiyo. Akarudia, nikasema ndiyo. Binti huyu hajasema uongo."

Mwenyekiti akakohoa. Akamtupia kamba ya kujiokoa, na aliitupa kwa nia njema kabisa. "Mama, pengine ulikuwa umeshapewa dawa ya usingizi. Wagonjwa wengi huwa hawakumbuki. Si aibu."

Hapa, wanasema waliokuwamo, Bi Uliza aliangalia mlango. Ilikuwa rahisi sana. Angeitikia kwa kichwa tu, nesi angepona nusu, na yeye angepona nzima.

"Dawa nilichomwa baadaye," akasema. "Nilikuwa macho makavu, daktari. Niliogopa."

Mjumbe mmoja, bwana wa ofisi ya utawala, hakuweza kujizuia. "Sasa mama, miaka yote hii ulikuwa unawafundisha nini watu?"

Lilikuwa swali la kukata maini. Bi Uliza alilijibu polepole, na karani ameliandika jibu hilo lilivyo:

"Nilikuwa nafundisha nusu. Nilimfundisha mgonjwa kusema. Ninyi sikuwafundisha kuuliza. Mtu akiniambia goti la kushoto siyo, ameshanijibia, mimi nimebakiwa na kuitikia tu. Angeniambia, mama, tunakupasua wapi, hebu weka mkono, ningeweka mkono palepale panaponiuma. Hata mwoga anajua panapomuuma. Mimi nina miaka kumi na minane ya kufunza ujasiri, na siku ya siku ujasiri wenyewe sikuuona. Je, bibi aliyelazwa jana? Msitegemee ujasiri wa mgonjwa. Mgonjwa anaumwa."

Kikao kilichukua dakika arobaini zaidi. Sista Haraka amepewa onyo la maandishi na amerudishwa kazini. Orodha za upasuaji sasa zitasomwa na watu wawili kabla ya kubandikwa. Na kuanzia mwezi ujao, kwa majaribio ya miezi sita, hakuna nesi wala daktari wa upasuaji atakayeruhusiwa kumtajia mgonjwa jibu. Atauliza, kisha angoje, na mgonjwa ataweka mkono wake mwenyewe mahali panapohusika kabla ya kalamu kuchora.

Habari ilishuka ngazi kabla ya Bi Uliza. Alipofika chini, mfanyakazi wa dobi aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa mashuka akampazia sauti, "Mama! Kweli mganga hajigangi!" Watu kwenye foleni ya dawa wakacheka. Mumewe akataka kujibu, Bi Uliza akamshika mkono.

"Imeniuma," anasema. "Imeniuma sana, nisijifanye. Kuchekwa nimezoea, lakini zamani nilikuwa nachekwa nikiwa na haki. Leo wana haki wao."

Alirudi wadini hivyohivyo, maana siku yake ilikuwa haijaisha. Huko yakamkuta ambayo hakuyategemea. Hakuna aliyemzomea. Mama mmoja wa kitanda cha ukutani, ambaye amelazwa wiki mbili na mchezo wa koti hajawahi kuucheza, amekuwa akigeukia ukuta, alimwita kwa kidole.

"Kumbe hata wewe?" akamuuliza.

"Hata mimi."

Mama yule akaangalia huku na huku. Kisha akamwambia kwamba kidonge cheupe cha asubuhi humtapisha kila siku tangu aanze kupewa, naye huenda kutapika chooni kimyakimya asije akaonekana msumbufu. Hajamwambia mtu. Saa saba mchana daktari alikuwa ameshambadilishia dawa.

Kabla ya saa tisa wengine wawili walikuwa wamemwita kwa kidole.

Sista Haraka naye alikuja. Hakuja mbio. Alimkuta Bi Uliza ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na sinki, magongo yameegemezwa ukutani, anapumzisha magoti yote mawili. Mwandishi alikuwa hapo na hakufukuzwa.

Nesi alisimama. Kisha, labda kwa sababu kiti kingine hakikuwapo, akachuchumaa, nyuso zao zikawa sawa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sijui nikushukuru au nikugombeze," alisema. "Wiki tatu, mama. Wiki tatu mama yangu mzazi ananiuliza kama kweli nimemkata mtu."

"Nigombeze."

"Kwa nini ulisema ndiyo?"

"Niliogopa."

"Kisu?"

"Hapana, sista."

"Sasa nini? Daktari hata alikuwa hajaja."

Bi Uliza alimtazama kwa upole, kama mtu anayetafuta namna ya kuitoa sindano bila kuumiza, akaona hakuna.

"Nilikuogopa wewe, mwanangu."

Nesi alibaki amechuchumaa.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimefanya nini?"

"Hukufanya kitu. Ulikuwa na haraka, na mimi sikutaka unichukie."

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye sinki. Sista Haraka alijifuta uso kwa kiganja, akatazama safu ya vitanda, kimoja baada ya kingine, kama anayewahesabu watu upya. Mgonjwa aliyekutana naye macho alishusha yake chini. Wa pili naye akashusha. Nesi aliona, na ilionekana wazi kwamba ameona.

"Wote?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Bi Uliza alimshika bega tu.

Mipango ya Bi Uliza kwa sasa ni mitatu, ingawa mwenyewe anasema ni mmoja. Anataka majaribio yale yasife baada ya miezi sita. Anataka wanafunzi wa uuguzi wanaoanza masomo mwaka huu walazwe kila mmoja kwenye machela, wavuliwe miwani na saa, waachwe watazame dari robo saa, kisha waulizwe maswali na mtu aliyesimama. Metroni mpya ameshakubali kuwaleta kumi wa kwanza. Na anataka goti lake.

Atapasuliwa Jumanne ijayo. La kulia. Ametuma ombi moja kwa ofisi ya wauguzi, nao wamelikubali baada ya kulishangaa sana: nesi wa kumwandaa siku hiyo awe yuleyule.

Mume wake anaona huo ni wazimu, na amesema hivyo mbele ya watu. Mwandishi naye akauliza: na hofu ikikurudia ukiwa pale machelani?

"Itarudi," anasema Bi Uliza. "Nitaogopa vilevile. Ila safari hii yeye anajua kwamba naogopa."